Nimekaa siku 9 Arusha katikati ya masika kabla ya kuhamia: wakimbiaji, wa baiskeli na wapenda milima njooni hapa

Mbio za Pole (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kazini nimepewa uhamisho, kituo kipya Arusha kuanzia Julai. Dar nimekaa miaka 11 na mazoezi yangu yanajulikana mpaka na walinzi: Jumanne na Alhamisi natoka Kinondoni hadi Daraja la Tanzanite na kurudi, Jumamosi Coco Beach na wenzangu, mara mojamoja msituni Pugu. Baiskeli ninayo ila kwa Dar ilishakuwa pambo la ukutani. Nikasema kabla sijampa dalali hela yangu, niombe likizo niende nikaukague mji kwa miguu yangu.

Kila anayeuliza humu "Arusha kuna sehemu za mazoezi?" hujibiwa kwa picha ya Mlima Meru. Sawa, mlima upo, mita 4,562, na hauendi popote. Lakini mimi Jumanne saa 11 alfajiri sipandi Meru. Meru ni siku tatu au nne, unalala kambi ya Miriakamba, unalala kambi ya Saddle, una askari wa hifadhi na bunduki kwa ajili ya nyati. Hiyo ni safari ya mara moja kwa mwaka ukijaliwa. Kinachonihusu mimi ni kufungua geti giza halijaisha, kilomita 8, kurudi, kuoga, na saa 2 niwe ofisini. Kwa hiyo nilichoenda kupima ni Jumanne. Jumamosi kila mji ni mzuri.

Nilichagua Aprili makusudi. Wenzangu walinicheka, wakaniambia nenda Septemba uone mji umetulia. Septemba nitauona nikishahamia. Nilitaka niujue ukiwa na sura mbaya, maana hiyo sura nitaishi nayo kuanzia Machi hadi Mei kila mwaka, na mvua za vuli juu yake. Siku tano za kwanza Meru sikuuona hata ukingo. Kama ningekuwa mtalii ningedai nirudishiwe nauli.

Sikulala hotelini katikati ya mji. Nilipanga chumba Njiro usiku nne na Sekei usiku nne, mitaa ambayo kodi yake naimudu kweli. Kila asubuhi natoka mlangoni bila kupanda gari. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko kwenye ramani zote nilizochungulia nikiwa Dar. Ile ramani ya Strava (app ya kurekodi mazoezi) inayoonyesha njia zinazopitwa sana nilikuwa nimeikesha wiki nzima. Inakuonyesha walikopita wenye saa za bei mbaya. Chalii anayekimbia na raba za mtumba kutoka soko la Kilombero hayumo, na ndiye anayejua njia.

Njiro kwanza. Barabara za ndani ni pana, kuna nafasi ya kukimbia na usiku wa manane unasikia mbwa tu. Shida yangu ni hao hao mbwa. Wengi wamefungiwa lakini geti la pili au la tatu hukosi mmoja aliyeachiwa, na saa 11 na nusu anajiona bado yuko zamu. Ukishuka zaidi kuelekea Muriet mvua inageuza njia kuwa tope zito linaloganda chini ya kiatu mpaka unaongezeka urefu. Mwenyeji mmoja akaniambia nishukuru ni tope, kiangazi huko upepo na vumbi vinakufuata mpaka kwenye uji.

Sekei ni kitu kingine. Ukitoka tu unapanda. Nilikamata njia ya Sanawari kwenda Ilboru, na kuanzia hapo hakuna tambarare mpaka useme basi. Mji wenyewe uko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Hewa si nyepesi ya kukutoa damu puani, lakini mapafu yaliyolelewa Coco Beach yanaijua tofauti. Dar kilomita moja nakimbia kwa dakika 6 huku napiga stori. Siku ya kwanza Ilboru nilitumia dakika 8 na stori sikuwa nayo. Mama mmoja aliyebeba ndizi kichwani alinipita. Sitanii. Akanipa na pole.

Siku ya saba nikaanza kujisikia binadamu, ingawa waliozoea wananiambia mwili unahitaji wiki mbili tatu kutulia. Kwa hiyo ukienda kukagua kwa wikiendi moja ukaona umechoka, usiulaumu mji.

Kingine ambacho hakuna aliyenitajia: jua. Arusha iko magharibi ya Dar, kwa hiyo kunakucha kama dakika 10 nyuma. Dakika 10 ni kidogo ukiwa kitandani. Ukiwa kwenye njia yenye mawe na mifereji bila taa ni nyingi. Nilianguka siku ya pili, goti likapasuka, tangu hapo nikavaa taa ya kichwani.

Jumamosi nikaenda Duluti, Tengeru. Ziwa la kreta, msitu wa hifadhi umelizunguka, njia ya kutembea inakwenda pembezoni mwa maji. Unalipia kuingia. Kukimbia unaweza ila mizizi ilikuwa na utelezi, nikatembea zaidi ya kukimbia. Mitumbwi ya kupiga kasia ipo. Karibu na hapo kuna makaburi ya Wapolandi waliohifadhiwa Tengeru kama wakimbizi wakati wa Vita Kuu ya Pili, nikasimama kidogo kusoma majina. Angalizo: Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Tengeru. Kifodi (daladala) nilichorudi nacho nilikaa na kuku miguuni.

Bado sijaamua mtaa. Dalali anataka jibu wiki ijayo na mwenye nyumba anataka miezi 6. Wenyeji mlioko huko, nimekosea wapi? Nimeacha nini?

Chalii wa Ilboru

Mwanangu karibu Chuga. Huyo mama aliyekupita namjua, anapita kila mtu 😂

Umefanya la maana kuja masika. Ila umekimbilia lami na njia za magari, ndiyo maana umeona mbwa na tope. Siku ukihamia panda na watu kwenye njia za migombani, zile za watu kwenda mtoni na mashambani. Huko juu kila baada ya mita mia kuna mtu anaamka kukama ng'ombe, salamu tu mwanzo mwisho. Ukisalimia, kesho mbwa wenyewe wanakuitikia.

Na wakimbiaji wakubwa wako huku huku, msidhani ni hadithi. Alphonce Simbu kwao ni Singida lakini Arusha ndiko amekuwa akifanyia mazoezi. Septemba 2025 kule Tokyo alichukua dhahabu ya dunia ya marathoni, saa 2:09:48, na yule Mjerumani Petros ana muda huo huo, wametenganishwa na sekunde 0.03. Kabla yake hakuna Mtanzania aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa riadha, hata Filbert Bayi wa Karatu aliyevunja rekodi ya mita 1500 mwaka 1974 kule Christchurch. Nimemaliza kiburi changu, endeleeni.

Kapuku Mtarajiwa

Watu mnahama na kuuliza sehemu za kukimbia? Mimi nikihamishwa nauliza posho. Nimeweka kambi hapa nisome tu.

Mama Wawili Road

Mleta uzi, shukrani kwa uzi mzuri. Lakini kaka yangu, huu ni ukaguzi wa mwanamume. Umeandika mbwa, tope, mwinuko. Mimi nakimbia Arusha mwaka wa sita na mbwa wako chini kabisa kwenye orodha yangu.

La kwanza ni nani yuko njiani saa hiyo. Njia nzuri kwenye picha, ile inayopita katikati ya shamba la kahawa, kivuli pande zote, ndege wanaimba, mimi peke yangu siipiti kabla ya saa 1. Na jioni siipiti kabisa. Njia yangu ya alfajiri ni mbaya: bodaboda, moshi wa vitumbua, wanafunzi wamesimama kusubiri gari. Ndiyo naipenda kwa sababu hiyo. Nikipiga kelele watageuka watu 20.

La pili mavazi. Mjini hakuna anayekushangaa na suruali ya kubana. Ukipanda vijijini huko juu, au ukitoka kuelekea Monduli, vaa bukta pana juu yake au funga kanga utakapofika kwenye nyumba za watu. Sijakatazwa na mtu. Nimeona tu salamu zinavyobadilika.

La tatu, kabla hujapanga nyumba nenda ukaulize wanawake wanaouza mboga au chai pale mtaani, "hapa saa 11 panapitika?" Usimuulize dalali. Mimi niliambiwa na dalali kwamba mtaa ni salama, jirani mpya akaniambia simu tatu zimeporwa pale kwenye kona mwezi huo. Kona hiyo dalali anaipita na pikipiki.

Mkeo anakimbia? Kama anakimbia, mlete akakague mwenyewe.

Mbio za Pole (mleta uzi)

Dada Mama Wawili, umenipiga pale pale panapouma. Mama watoto hakimbii ila anatembea kila jioni saa 12 na mtoto, kilomita 3 au 4. Sikuikagua saa hiyo hata siku moja. Kila jioni nilikuwa nimejilaza na goti langu. Nitampigia simu leo, nimuulize anataka nini badala ya kumpelekea picha za migomba.

Chalii, nikija nitakutafuta. Njia za migombani nataka.

Gia ya Saba

Mkuu hujagusa baiskeli, ngoja nikusaidie maana hapo wengi hupotea.

Barabara ya Moshi sahau. Ni kama kilomita 80 hadi Moshi na macho yatakutamanisha, lami safi, Kilimanjaro mbele. Mabasi na malori hayakuoni. Nimeacha baada ya kuguswa na kioo cha basi begani. Sisi tunatumia baipasi, ile ya kutoka Ngaramtoni kupita kusini mwa mji hadi Usa River, kama kilomita 42. Mapito ya pembeni yapo, magari si mengi kama barabara ya katikati. Toka mapema. Kuanzia saa 5 upepo unaamka, na kule Muriet ukikupiga kwa mbele utadhani umesahau kuachia breki.

Kwa njia za vumbi, upande wa kaskazini. Meru unazuia mvua, kwa hiyo mjini na upande wa kusini kukilowa, ukivuka Ngaramtoni ukashuka kuelekea Oldonyo Sambu unakuta kukavu, nchi imefunguka, ng'ombe na Wamasai. Ndiyo dawa yetu ya masika. Namanga ni karibu kilomita 110, kuna vichaa wanaenda Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili. Beba viraka na pampu, na miba ya huko usiichezee. Tairi nyembamba ulizozoea kwenye lami ya Masaki ziache hukohuko.

Na kabla hujahama, nunua Dar mnyororo, pedi za breki na tyubu za kutosha. Mafundi wazuri Arusha wapo, lakini kifaa cha gia za kisasa utaambiwa "kinakuja" mpaka usahau ulichoagiza.

Mzee wa Kibosho

Vijana nawasalimu.

Mbio za Pole (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu.

Mzee wa Kibosho

Marahaba mwanangu. Mimi nina miaka 64, natembea na kukimbia taratibu. Nakushauri kama kazi inaruhusu ukae Moshi. Mji hauna msongamano, unauvuka kwa dakika 40 za miguu. Msitu wa Rau uko mlangoni, baiskeli inapita, kuna kivuli na maji. Ukitaka mlima, barabara zote zinazotoka mjini kwenda kaskazini zinapanda, chagua tu: Kibosho, Uru, Mweka. Ile Kilimanjaro Marathon ukiikimbia nusu utaujua mlima wa Mweka vizuri, na wewe utaupanda siku yoyote bila kulipa kiingilio.

Arusha baridi ya Julai inaumiza magoti ya watu wa umri wangu.

Chalii wa Ilboru

Mzee wetu heshima kwako, lakini Moshi Januari ni jiko. Hamfiki mita 1,000. Saa 3 asubuhi mkimbiaji anatafuta mfereji aingie.

Mzee wa Kibosho

Ndiyo maana tunaamka saa 10.

Mbio za Pole (mleta uzi)

Mzee, ofisi iko Arusha, na kilomita 80 kila siku siziwezi. Ila Jumapili za Rau nimeziandika.

Mtu wa Iten

Wadau wa Bongo hamjambo. Mimi niko Iten, Kenya, huku tuko karibu mita 2,400. Nimecheka aliposema 1,400 imemsumbua, pole bana. Lakini nakubaliana naye kuhusu siku za kawaida. Wageni huja hapa kwa ajili ya ile fatleki ya Alhamisi (mbio za kubadilisha kasi), wanakimbia na kundi la watu mia na ushee, wanapiga picha, wanasema nitahamia. Wakihamia wanagundua siku zingine sita ni barabara za udongo, mvua ya saa 9 alasiri na ugali. Wengine wanarudi kwao baada ya miezi miwili. Wanaobaki ni wale waliopenda ugali.

Daktari wa Meno Mstaafu Mtarajiwa

Nimesoma uzi wote hakuna aliyetaja maji! Watu wa mazoezi mnakunywa lita 3 au 4 kwa siku halafu hamuulizi maji yanatoka wapi?

Maji ya kuzunguka Meru yana floridi nyingi, inatoka kwenye miamba ya volkano. Ndiyo sababu ya meno ya kahawia mnayoyaona kwa waliokulia huko. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima na chemchemi maeneo hayo vinavyopita hapo mara nyingi. Kwa mtu mzima meno yameshajengeka, hayabadiliki. Wa kumwangalia ni mtoto mdogo, ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya taya. Akinywa hayo maji kwa miaka, hata mifupa huathirika.

Na msijidanganye kwa kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, floridi inabaki, tena inazidi kukolea maji yakipungua. Inatofautiana mtaa kwa mtaa, chanzo kwa chanzo. Mleta uzi, una mtoto. Kwenye kila nyumba uliyoonyeshwa uliuliza maji ni ya mamlaka au ya kisima?

Mbio za Pole (mleta uzi)

Sikuuliza. Nyumba mbili kati ya tatu mwenye nyumba alijisifu ana kisima chake mwenyewe, nami nikafurahi kwamba bili ya maji haitakuwepo. Mtoto ana miaka minne.

Asante sana daktari. Hii peke yake imelipa nauli ya basi.

Kapuku Mtarajiwa

Nilikuja kucheka, naondoka na elimu ya meno.

Samaki Nchi Kavu

Na sisi waogeleaji? Nimezoea bahari ya Kigamboni, mwakani naenda Arusha kusoma.

Mama Wawili Road

Mdogo wangu, hapo vumilia. Ni mabwawa ya hoteli, unalipia kwa siku au kwa mwezi, na Julai maji yanauma. Kuna Chemka huko Boma Ng'ombe, maji ya chemchemi safi kama kioo, lakini wikiendi ni watu na muziki, mizunguko ya mazoezi husogei. Nenda siku ya kazi asubuhi.

Mbio za Pole (mleta uzi)

Wakuu, mrejesho. Nilirudi tena Arusha wikiendi hii, safari hii na mama watoto na mtoto, siku tatu tu.

Sikukimbia hata hatua moja. Nilitembea nyuma yao saa 12 jioni kwenye mitaa minne, yeye akiongea na wauza mboga, mimi nabeba mtoto. Njiro aliikataa ndani ya dakika kumi, akasema nyumba zote zimegeuka ndani, ukuta na geti, hakuna mtu wa kumwambia shikamoo. Sekei tulipokwenda mama mmoja wa genge alimwambia bila kuulizwa: upande huu wa juu pitia, ule wa mtoni jioni usipite. Wakacheka, wakabadilishana namba. Mimi wiki yangu nzima ya kukesha na ramani sikupata taarifa hiyo.

Ile nyumba ya kisima niliyokuwa nimeipenda tumeiacha. Tumepata ndogo zaidi, vyumba viwili, maji ya mamlaka, na tumekubaliana ya kunywa tutanunua mpaka tupate majibu ya vipimo. Mwenye nyumba amekubali miezi 3. Dalali amechukua kodi ya mwezi mmoja kama kawaida yao na hakutabasamu.

Baiskeli nitaipakia kwenye lori la mizigo. Gia ya Saba, nimenunua tyubu sita, zinatosha?

Gia ya Saba

Za mwezi wa kwanza.

Chalii wa Ilboru

Ukifika Julai utakuta baridi kali, njoo na sweta. Jumanne ya kwanza saa 12 kasorobo asubuhi, njia panda ya Sanawari, upande wa kupanda. Tutakuwa wanne au watano. Usije umeshiba.

Mama Wawili Road

Nami nitakuwepo. Uje na maji yako.